Mgongo wa fundi wa nguo: yoga ipi inafaa?

Fundi_wa_Bondeni (Nakuru)

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Cherehani asubuhi hadi jioni, na msimu wa sare za shule hata chakula nakula nikiwa pale pale. Mgongo wa chini unanisumbua tangu mwaka jana. Ikifika saa tisa mchana, nikiinuka kitini siwezi kusimama wima mara moja, lazima nishike meza kwanza. Nimepimwa, nikaambiwa mifupa iko sawa, shida ni misuli na kukaa sana. Daktari akataja yoga, akaishia hapo.

Nikaanza kuulizia. Kuna ukumbi mjini wenye aina mbili za yoga, hatha na vinyasa. Binti wa jirani ananiambia nifuate aina nyingine, ashtanga, kwenye simu kwa sababu inakaza tumbo. Rafiki yangu wa Nairobi anasifu ile ya chumba chenye joto. Mwingine akataja yin. Pesa ya kubahatisha sina, kwa hiyo naomba kujua: ipi itasaidia mgongo, na zinatofautiana vipi hasa? Nina miaka 43, mazoezi haya sijawahi kuyafanya. Halafu kanisani kwetu wapo wanaosema yoga ni ibada ya Kihindu. Hilo pia linanisumbua.

Mkeka_Milimani (Kisumu)

Pole sana dada. Nafundisha yoga hapa Kisumu, na wengi wanaokuja kwangu ni watu wa kazi za kukaa: makarani, madereva wa matatu, mafundi wenzako. Niruhusu nianze na kazi yako kabla ya majina ya yoga.

Ukiwa kwenye cherehani, nyonga zimekunjwa, kichwa kimetangulia kufuata sindano, mabega yamejikunja huku mikono ikisukuma kitambaa. Misuli ya mbele ya nyonga inazoea kuwa mifupi. Ukisimama inavuta kiuno, na matako ambayo yangesaidia yamelegea kwa kukaa kutwa, basi mgongo unabeba kila kitu. Wewe kuinama unainama vya kutosha. Unachohitaji ni kufunguliwa mbele na kutiwa nguvu nyuma. Mwalimu atakayekuanzisha kwa kugusa vidole vya miguu magoti yakiwa yamenyooka, mkimbie.

Kwa kipimo hicho, hatha ya polepole ndiyo mlango wako: unaingia kwenye mkao, unavuta pumzi kadhaa, unatoka, unapumzika. Ukipata mwalimu wa mtindo wa Iyengar, afadhali zaidi. B.K.S. Iyengar, aliyefundisha miaka mingi kule Pune, India, aliugua malaria na kifua kikuu akiwa mdogo, na mimi naona ndiyo maana mtindo wake una huruma na mwili mgonjwa. Unatumia mishipi, viti, blanketi na matofali ya mbao, ili mkao ukufuate wewe ulivyo. Nyumbani leso iliyokunjwa na kiti cha plastiki vinatosha kabisa.

Ashtanga ilienezwa na K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, ambaye alisoma kwa mwalimu yuleyule wa Iyengar, Krishnamacharya. Ni mfululizo usiobadilika, wenye kuruka nyuma, kujishusha kwa mikono na kuinama mbele mara nyingi. Inajenga nguvu na kuchemsha mwili kweli. Lakini kujifunza kwenye simu, bila mtu wa kukurekebisha, na mgongo tayari unauma? Hapana. Vinyasa ni ndugu yake, mwendo unafuatana na pumzi bila kusimama sana, na wepesi wake unategemea mwalimu.

Ile ya joto, mtindo wa Bikram, ni mikao 26 kwa dakika 90 katika chumba cha nyuzi joto kama 40. Joto linakufanya ujione umelainika, ukajinyoosha kupita kiasi bila kuhisi. Iache. Yin unakaa kwenye mkao mmoja dakika tatu hadi tano. Inatuliza sana, ila mikao mingi ni ya kuinama, kwa hiyo chagua ile ya kufungua nyonga tu.

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliweka yoga kati ya tiba za kuanza nazo kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 12: waliofanya yoga walipata nafuu ya kiasi ndani ya miezi mitatu hadi sita kuliko wasiofanya mazoezi yoyote. Nafuu ya kiasi, dada. Na wapo ambao maumivu yaliongezeka, kwa hiyo mkao ukichoma, toka.

Kuhusu kanisa: mizizi yake ni ya kidini, India, na sitakuficha. Kwangu tunafanya mikao na pumzi basi. Madarasa mengine huimba mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Uliza kabla ya kulipa, kisha dhamiri yako iamue.

Nesi_Kakamega

Naongezea ya hospitali. Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa au presha ya macho asiweke kichwa chini ya moyo, hata akiona wengine wanasimama kwa kichwa. Mjamzito akae mbali na chumba cha joto. Na wewe fundi, ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unatoka wenyewe au mguu unakosa nguvu, hiyo si ya mkeka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbio_Iten

Mwalimu, vinyasa umeipitia haraka. Sisi wakimbiaji inatusaidia nyonga na vifundo vya miguu kuliko hatha. Ila nakubali, si ya kuanzia mtu anayeumwa.

Fundi_wa_Bondeni (Nakuru)

Asanteni sana, nimeelewa. Shida moja: kibandani hakuna pa kulala chini, na nikifika nyumbani kuna watoto na jiko. Nifanye lini?

Mkeka_Milimani (Kisumu)

Fanya hapohapo dukani. Weka mguu mmoja juu ya stuli fupi, shika meza ya kukatia. Mguu wa nyuma unyooshe, kisigino kikanyage sakafu. Sasa kaza tako la mguu huo wa nyuma kabla ya kusogea mbele. Usipokaza, kiuno kitajipinda na utaumia palepale unapotaka kupona. Sogea mbele kidogo hadi usikie paja la mguu huo wa nyuma likivutika sehemu ya juu, upande wa mbele. Pumzi tano za taratibu, badilisha mguu. Asubuhi za Nakuru ni baridi, tembea kwanza kabla ya kujinyoosha. Fanya kila ukimaliza nguo moja, kabla hujakata nyingine.

Usiku, ukishalaza watoto, lala chali kitandani, kunja magoti, nyanyua kiuno polepole na ushushe. Huo ni mkao wa daraja, unaamsha matako. Na ule ukumbi wa mjini, kabla hujalipa waulize kama mwalimu wa hatha ana mishipi na viti, na kama utaruhusiwa kukaa pembeni darasa moja utazame.