Naombeni ushauri: kaka anautaka ubunge, shamba la mikorosho liuzwe?

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Masasi. Kaka yangu kaamua kutia nia ya ubunge na anataka tuuze ekari 4 za mikorosho alizotuachia marehemu mzee, zote, apate hela ya kuzunguka.

Vigezo vya Katiba anavyo: miaka 21 kaipita zamani, Kiswahili anasoma na kuandika, kadi ya chama anayo. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo lazima kwanza apenye kwenye kura za maoni za wajumbe wa chama. Hapo ndipo roho yangu inaposita. Msiba wa juzi kwa jirani kafika na gari la kukodi, kapiga picha, kaondoka kabla hata kaburi halijafukiwa. Akina mama jikoni walicheka mpaka mwiko ukaanguka. Mmoja akaniuliza, "Huyu kaka'ko bei ya salfa ya kupulizia mikorosho anaijua?" Nikanyamaza.

Nikimwambia, ananitajia Mkapa, eti naye katokea Lupaso hapa hapa. Lakini Mkapa kabla ya kuwa rais 1995 alishakuwa mhariri, balozi na waziri wa mambo ya nje. Kaka kaongoza timu ya mpira tu, nayo jezi zilipotea.

Mliowahi kugombea au kumpigia mtu kampeni: wajumbe wanaangalia nini hasa? Jina, mfuko, au kuzikana? Na nikikataa kusaini, nitaonekana mchawi wa ukoo? Jumamosi tunakaa kikao.