Black Panther ya tatu: T'Challa arudi na sura nyingine, au Shuri aendelee?

Mwana_Kasese
Wapenzi wa muvi, habari zenu. Naomba tujadili kwa hoja, matusi tuwaachie wengine. Ryan Coogler ameshasema filamu yake inayofuata ni Black Panther ya tatu, na Denzel Washington alitangulia kudokeza mwaka 2024 kwamba anaandikiwa nafasi humo. Kabla yake kuna Avengers: Doomsday, imepangwa 18 Desemba 2026, na Letitia Wright, Winston Duke na Tenoch Huerta wote wametajwa kwenye orodha ya waigizaji.

Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda na Black Panther wake, alifariki 2020, na filamu ya pili ikampa vazi dada yake T'Challa, Shuri (Letitia Wright). Swali langu: vazi la Panther livaliwe na nani? Mimi nasema T'Challa atafutiwe mwigizaji mpya, yaishe. William Hurt alifariki Machi 2022, na Februari 2025 Jenerali Ross alirudi kwa sura ya Harrison Ford bila mtu kulalamika sana. Kama kwa Ross imewezekana, kwa T'Challa inashindikana nini?

La pili: wa kwetu watapata nini? Namaanisha Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda.

Bega_la_Nyati
Mwana_Kasese, mfano wa Ross haukusaidii. Ross hakuwahi kufa ndani ya hadithi, kwa hiyo Ford alinyoa masharubu, akaingia kazini. Hata Rhodes, rafiki wa Iron Man, kutoka Terrence Howard wa 2008 hadi Don Cheadle wa 2010, na Banner, yaani Hulk, kutoka Edward Norton hadi Mark Ruffalo mwaka 2012, ni hivyo hivyo. Wote walibadilishwa wakiwa hai kwenye hadithi.

T'Challa amezikwa. Wakanda Forever, filamu ya pili, inaanza na Shuri maabara akihangaika kutengeneza mmea wa moyo, ule unaompa Panther nguvu, huku kaka yake anakata roho. Baadaye watu wamevaa nyeupe, jeneza linapandishwa angani. Filamu inafungwa na Shuri ufukweni Haiti akichoma nguo za msiba. Dakika 161 zote ni matanga. Ukimleta T'Challa mwingine wa ulimwengu huu huu, lazima ueleze yule aliyezikwa alikuwa nani, na maelezo yoyote utakayotoa yataiharibu filamu ya pili. Ndiyo maana Kevin Feige alisema mwaka 2022 kwamba ilikuwa mapema mno kumweka mtu mwingine.

Mlango uliobaki ni T'Challa wa ulimwengu mwingine. Avengers: Secret Wars, iliyopangwa 17 Desemba 2027, inaweza kumwingiza kirahisi. Tatizo ni mtoto. Toussaint, mwana wa T'Challa, yupo, na atamwona mtu mwenye jina la baba yake ambaye si baba yake. Coogler anaweza kuiandika hiyo vizuri sana, lakini italazimika kuwa ndiyo filamu yenyewe. Ukiipachika kama kipande cha dakika kumi, watu watacheka ukumbini.

Dada_wa_Gulu
Mbona mnamruka Shuri kana kwamba alikuwa anashikilia kiti tu? Kwenye vitabu vya katuni alivaa vazi hilo tangu 2009. Na filamu ya pili ilibadilisha kanuni za mchezo, ila wengi hawakulitilia maanani.

Fuatilieni mmea. Killmonger, adui wa filamu ya kwanza, aliichoma bustani yote ya mmea huo mwaka 2018. Shuri akaupata upya kwa kutumia nyuzi za bangili aliyopewa na Namor, mfalme wa watu wa chini ya bahari, akaukamilisha kwa mashine. Maana yake nguvu za Panther sasa zinatoka maabara, na fomula anayo mtu mmoja. Halafu mwishoni, siku ya kugombea kiti, anayeshuka kwenye maporomoko ni M'Baku (Winston Duke), kiongozi wa kabila la milimani, huku Shuri yuko Haiti. Zamani mfalme na Panther walikuwa mtu mmoja. Sasa kiti kinaelekea kwa M'Baku na vazi liko kwa Shuri. Mfalme asiye na nguvu za mmea, na Panther asiye na kiti: nani anamwamuru nani vita ikija? Hiyo peke yake inatosha saa mbili na nusu, bila T'Challa wa kuazima.

Ninachohofia ni Doomsday. Wakanda ikitoka mikononi mwa Coogler hugeuka uwanja wa kupigania. Kwenye Infinity War kazi yote ya Shuri ilikuwa kutoa jiwe kichwani mwa shujaa Vision, na hata hiyo hakuachwa aimalize. Safari hii ndugu wale wale Russo wanaongoza tena, wakiwa na kundi kubwa la waigizaji. Hesabuni M'Baku atabakiwa na sentensi ngapi.

Bega_la_Nyati
Dada, hapo kwa M'Baku nimekuelewa. Ila usisahau nani analipa. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ya pili zaidi ya milioni 850. Studio inayoona hesabu hiyo hukimbilia sura inayojulikana. Tazameni walivyofanya kwa adui mkuu: Jonathan Majors, aliyeigiza Kang, alifukuzwa Desemba 2023, na Julai 2024 wakamtangaza Robert Downey Jr. kuwa Doctor Doom. Yaani Tony Stark (Iron Man) wa Downey huyo huyo amerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa akili hiyo, T'Challa mpya yuko njiani, mtake msitake.

Sauti_ya_Kibanda
Mnabishana kuhusu sura tu, na mimi naona ulimi ndio utakaowaumbua.

Lugha ya Wakanda ni Kixhosa kwa sababu ya John Kani. Alipoigiza T'Chaka, baba wa T'Challa, mwaka 2016 alizungumza lugha yake ya nyumbani, na Boseman akaifuata. Boseman pia alikataa lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza, akataka mfalme asikike Mwafrika. Atakayechukua jina hilo atapimwa hapo kwanza. Kixhosa kina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, vya aina tatu, vinavyoandikwa c, q na x, na mwigizaji aliyekariri kwa sikio hukosea pale pale kidoko kinapokutana na konsonanti nyingine. Utamsikia analimega neno, anapumzika, kisha anarukia Kiingereza katikati ya sentensi.

Sasa mchukue Toussaint. Amekulia Haiti, jina lake linamkumbuka Toussaint Louverture, na jina lake la Wakanda ndilo T'Challa. Akija kuigizwa mtu mzima, anatakiwa ajue Krioli ya Haiti kama lugha ya mama, na Kixhosa kama lugha aliyojifunza ukubwani. Hapo lafudhi yenye makosa inakuwa sehemu ya mhusika, si aibu ya mwigizaji. Kwangu hiyo ndiyo njia safi kuliko zote: T'Challa amerudi, na hakuna aliyefufuliwa. Gharama yake ni miaka. Mtoto tuliyemwona ni wa shule ya msingi, kwa hiyo hadithi iruke angalau miaka 12 mbele, na Shuri awe shangazi wa makamo.

Kwa wanaotazama zilizotafsiriwa na VJ (msimulizi anayezungumza juu ya filamu), angalizo: Toussaint anaonekana mara moja tu, baada ya majina makubwa kupita. Nakala ikikatwa majina yanapoanza, humwoni kabisa, na mjadala huu utakushangaza. VJ akishusha sauti ya filamu ili asikike yeye, pia hutajua wamehama lini kutoka Kiingereza kwenda Kixhosa, au Kimaya cha watu wa Namor. Tazama mara moja na sauti ya asili, halafu rudi kwa VJ ufurahi.

Mwana_Kasese
Hoja ya ulimi nimeipokea. Lakini miaka 12 ni mingi, tutampoteza Okoye, aliyekuwa jenerali wa Wakanda, akiwa bado na nguvu zake. Na swali la pili hamjaligusa.

Dada_wa_Gulu
Kaluuya hakuwemo ya pili kwa sababu ratiba iligongana na Nope. W'Kabi, mhusika wake, aliasi na kusalimu amri mbele ya Okoye, mkewe, kisha hatukumwona tena, kwa hiyo kumrudisha hakuhitaji uchawi wowote. Kasumba yuko pazuri zaidi. Okoye alipovuliwa cheo, Ayo, mhusika wa Kasumba, ndiye aliyepewa ujenerali wa Dora Milaje, kikosi cha walinzi wanawake wa Wakanda. Asiyemjua atazame sehemu ya nne ya The Falcon and the Winter Soldier ya 2021: Ayo anagusa bega la Bucky sehemu tatu nne, mkono wake wa vibranium, chuma cha Wakanda, unadondoka sakafuni, na Bucky anabaki ameduwaa. Jenerali wa namna hiyo asiachwe amesimama nyuma ya kiti cha M'Baku kama pambo.

Halafu Mwana_Kasese, milima yenu mnayo humo. Picha za angani za Wakanda ya 2018 zilipigwa pia Rwenzori na Bwindi, ingawa waigizaji wenyewe walikuwa Atlanta.

Mwana_Kasese
Hilo la Rwenzori huku tunalijua, tunalidai kila siku! Basi nikubali Toussaint, kwa sharti moja: Denzel asipewe mzee wa kusimulia historia kando ya moto. Apewe adui.

Sauti_ya_Kibanda
Adui sawa. Ila Kixhosa ajifunze.