Nimeacha dini kitambo ila kuna kitu kimenitokea mwenyewe, naombeni ushauri nisije nikapotea

Wakuu salaam. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunipiga mawe, na dini niliyolelewa siitaji maana najua uzi utahama hapo hapo uwe mashindano.

Ipo hivi, miaka kama mitatu nilikuwa nimeacha ibada. Siyo kwamba kuna kiongozi alinikosea, hapana, ni vile nikitamka yale maneno nilikuwa naona kama nasoma barua ya mtu mwingine. Nikaacha kimya kimya nikaendelea na maisha. Mwaka jana nikamuuguza mzazi miezi kadhaa, akafariki, na mimi usingizi ukakata kabisa. Sasa usiku mmoja nimekaa tu kitandani, giza, sijaomba, simu iko mbali, mara ile sauti inayoongeaga kichwani muda wote ikazima. Yaani ikazima. Nasikia feni, nasikia mbwa anabweka mbali, halafu ikawa kama hakuna "mimi" anayesikia, kuna kusikia tu. Sijui ni dakika mbili au nusu saa. Nikalia, na haikuwa huzuni. Asubuhi nimeamka mwepesi nikampigia dada yangu ambaye tulikuwa hatuongei.

Tatizo limeanzia hapo. Tangu siku hiyo nakitafuta kile kitu kama mtu aliyepoteza funguo. Nimefuata klipu za YouTube za kupumua haraka haraka, siku moja vidole vikakakamaa na midomo ikafa ganzi nikasema ndo hiyo nguvu inaingia. Kuna mwalimu wa mtandaoni ananiambia nimeshafunguka, nilipie daraja la pili usije "mlango" ukajifunga. Dada anasema ni pepo.

Ninachouliza, hivi mtu anaweza kuwa na maisha ya kiroho kwa kile alichokionja mwenyewe tu bila kushika mafundisho ya dini yoyote, au najidanganya? Na nitajuaje kama kile kilikuwa kitu cha kweli au ni ubongo tu ulichoka?

Kibarazani: Ngoja wenyewe waje. Nimeweka kiti hapa.

Neno Hai: Mkuu rudi kwenye ibada. Shetani hujigeuza malaika wa nuru, usifurahie kila mwanga.

Mwenye uzi: Asante kwa kunijali, sikejeli. Ila mwanga sikuona, kulikuwa giza tu na feni. Na mimi ni KE, mwanamke jamani.

Msoma Usiku: Dada yangu ulichoeleza hujakianzisha wewe. Mwanasaikolojia wa Marekani William James alitoa mihadhara Edinburgh mwaka 1901 na 1902 kuhusu haya haya, na hakuhangaika na dini ipi iko sahihi, alikusanya masimulizi ya watu yaliyowakuta akayalinganisha. Akaona mambo manne yanajirudia: kitu chenyewe hakielezeki vizuri kwa maneno, mtu anabaki na hisia kwamba amejua jambo fulani, hakidumu, na kinakuja chenyewe, siyo wewe unakikamata. Sasa rudia hayo mawili ya mwisho halafu ujiangalie na klipu zako. Unakimbiza kitu ambacho tabia yake ni kuja bila kuitwa na kuondoka bila kuaga.

Kuhusu ubongo kuchoka, James hapo alikuwa mkali: kujua kitu kimetokea wapi mwilini hakukwambii kina thamani gani, tazama kimezaa nini. Wewe kimezaa simu kwa dada yako. Ila alisema pia kwamba aliyepatwa ana haki ya kukiamini, wengine hawalazimiki. Kwa hiyo usigombane na dada, hakuwepo kitandani kwako.

Zamu ya Usiku: Mimi niko upande wa afya, ngoja niseme la mwili kwanza maana humu mtarukia roho wote. Vidole kukakamaa na midomo kufa ganzi siyo nguvu. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji unatoa kabonidioksaidi nyingi sana, damu inabadilika, mishipa ya ubongo inabana, ndo unapata ganzi, kizunguzungu na kuhisi uko mbali na wewe mwenyewe. Inaisha ukipumua kawaida, lakini usifanye umesimama wala kwenye maji, watu wamezimia wakazama.

La pili usingizi. Mtu aliyekosa usingizi muda mrefu anaweza kusikia na kuona vitu. Hata jinamizi lile la kuamka huwezi kujitikisa na unahisi kuna mtu chumbani, ni ubongo umeamka kabla misuli haijafunguliwa. Sisemi chako ndo hicho, ulikuwa umekaa na macho wazi. Nauliza tu: huwa kuna muda unapotea hujui ulikuwa wapi? Harufu ya ajabu isiyokuwepo? Watu wanakwambia umezubaa unatafunatafuna mdomo? Kuna aina za kifafa haziangushi mtu, na chache zinaleta raha kubwa ajabu. Kama jibu ni ndiyo hata moja, daktari kwanza. Na usingizi wako uutibu hata kama majibu yote ni hapana, msiba nao unatibika kwa kuongea na mtu.

Mwenye uzi: Hapana kwa yote, ila usingizi kweli bado ni masaa matatu manne. Daktari sijaenda, niliogopa ataniona nimechanganyikiwa.

Kimya Kingi: Nikupe yangu. Nilishaenda kozi ya meditesheni ya vipasana ya siku kumi, ile ya kimya, hakuna kuongea hakuna simu, mnaamshwa saa kumi alfajiri na kwa siku mnakaa kama masaa kumi. Siku tatu za mwanzo unaangalia pumzi puani tu, kuanzia ya nne ndo unapitisha akili mwilini kipande kwa kipande. Siku ya tano nilipata kitu kinafanana na chako. Siku ya sita nikakitaka tena, hapo ndo balaa, moyo unadunda, nahisi kuta zinanisogelea, nikaenda kwa mwalimu natetemeka. Unajua aliniambia nini? Acha kukaa leo, tembea nje, kula, lala. Basi. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki mbili sieleweki kabla sijatulia. Meditesheni inauzwaga kama panado lakini kuna watu inawaibulia hofu, hasa aliye na msiba mbichi. Na ile kozi hailipiwi, unachangia ukimaliza ukitaka. Sasa linganisha na huyo wako wa mlango kujifunga. Mtu akikutisha ili ulipe, hata angekuwa anafundisha hesabu ningekimbia.

Mfuasi wa Njia: Mimi ni muumini na sikuiti kafiri. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, mwaka 1095 akaacha cheo chake akaondoka, maana aliona anajua kila kitu kuhusu Mungu ila hajaonja. Akaandika kwamba kujua maana ya afya siyo kuwa mzima, na kujua maana ya ulevi siyo kulewa. Kwa hiyo hata ndani ya dini wapo wanaosema kuonja ndo kwenyewe. Lakini nitakubana kidogo, yeye hakuonja akakaa, alikuwa na sala, na kufunga, na kukaa peke yake miaka. Wewe una usiku mmoja. Usiku mmoja ni mwaliko, siyo nyumba.

Pingamizi: Mimi siamini chochote ila swali lako la kwanza ni zuri. Shida naiona kwenye neno uzoefu, watu wanalitumia kama kamera. Mwenye dini hii akipatwa anamwona mtakatifu wake, mwenye ile anaona wake, na wewe uliyeacha ukaona hakuna mtu. Kila mmoja kaja na miwani yake. Chukua daftari, ukurasa wa kushoto andika kilichotokea tu, sauti, muda, mwili. Wa kulia andika maana unayokipa. Usichanganye. Utashangaa.

Kibarazani: Pingamizi leo umeongea kistaarabu unaumwa?

Mwenye uzi: Nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya lile la daftari. Kushoto imetoka mistari minne, kulia kurasa tatu na bado. Nilicheka peke yangu. Yule mwalimu nimemwambia mlango ujifunge tu, kaniblock. Klipu nimeacha, jioni nakaa dakika kumi natulia bila kutafuta kitu, hakijatokea kitu, na siku mbili nimelala masaa sita. Dada nimemsomea ule ukurasa wa kushoto peke yake, akanyamaza halafu akasema na yeye iliwahi kumtokea akiwa anafua, hakuwahi kumwambia mtu.

Daktari ni Jumatano. Zamu ya Usiku, nimweleze yote au niseme usingizi tu?

Zamu ya Usiku: Yote. Mpe ukurasa wa kushoto, mpaka mbwa.