Mume kanyamaza, mtoto kila asubuhi tumbo: naombeni ushauri

MamaHawa: Habari zenu wanajamvi. Baba Hawa alipunguzwa kazi mwaka jana, na tangu hapo si yule ninayemjua. Usiku halali, mchana anashinda chumbani, chakula anakigusagusa tu. Mpira alikuwa haukosi, siku hizi hata matokeo haulizi. Sasa na mwanangu wa darasa la tano kaanza. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Tumempima malaria, taifodi, minyoo, hana kitu. Kawa mkali, anawapiga wadogo zake, daftari la hisabati kurasa tupu. Wifi anasema kuna mkono wa mtu, niwapeleke kwa mtaalamu. Nifanyeje?

Nesi_Mbagala: Pole sana dada. Inafanana na sonona, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Mtu akimaliza wiki 2 na zaidi, karibu kila siku, hana raha, alivyovipenda havimvuti, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, hiyo si huzuni ya kupita. Kwa mtoto wengi hatuoni, kwa sababu mara nyingi halii wala hasemi ana huzuni. Inamtokea kama hasira, tumbo, kichwa, kushuka darasani, hata kukojoa kitandani wakati alishaacha. Tafadhali asichapwe. Kaa naye mkimenya viazi, wawili tu, umuulize taratibu kama kuna anayemwonea au kumshikashika, shuleni au mtaani. Akikuambia yupo, piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Mzee_wa_Kanisa: Mama, funga na kuomba. Haya mambo ni ya kiroho.

Tanga_Mjini: Aombe, mzee wangu, ila hospitali waende. Mimi sonona nimeiugua, na mchungaji wangu ndiye aliyenisindikiza kliniki. Dawa zilichukua wiki kadhaa ndipo nikaona nafuu. Wengi huzitupa mapema wakidhani hazifanyi kazi, au wakipata nafuu wanazikatisha bila kumwambia daktari, hali inarudi.

MamaHawa: Asanteni. Ila hospitali hataki kusikia, anasema yeye si kichaa. Juzi kanitamkia, "Bora nisingekuwepo, mngepumua."

Nesi_Mbagala: Dada, neno hilo lisingoje kesho. Muulize leo, waziwazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na muende hospitali usiku huohuo. Sumu ya panya na vidonge vitoe ndani sasa hivi. Akisema hapana, bado aonwe na daktari kesho. Ili akubali kwenda, anzia kwenye shida ya usingizi, maana hiyo hawezi kuikana. Kituo cha afya wampime na damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vya kutosha navyo humchosha mtu namna hiyo. Wakiona haja watampa rufaa ya Temeke au Muhimbili. Mtoto naye mpeleke hapohapo kituoni. Kuna ndugu anayemsikiliza?

MamaHawa: Kaka yake mkubwa. Nimempigia, anatoka Chanika anakuja. Sumu nimeshaitoa.

Nesi_Mbagala: Vizuri. Usimuulize mbele ya watoto.