Hawa warushaji wetu wamelogwa au wanafanya makusudi? BOLI NNE MFULULIZO!!!

Mzee wa Jukwaa la Kushoto (Denver):
Wakuu, salamu tutapeana kesho. Ndio kwanza natoka uwanjani kwenye besiboli, naandika nikiwa kwenye maegesho maana mikono inatetemeka, siwezi kushika usukani.

Yule mrushaji wetu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Inningi ya tisa, ndiyo awamu ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, wapigaji wao wawili wameshatolewa, bado mmoja, beisi zote tatu zina wakimbiaji wao. Anayekuja kupiga ni yule kibonde wao wa mwisho kwenye orodha. Straiki (mpira mzuri alioukosa, zikifika tatu anatoka) ya kwanza, kaikodolea macho tu. Ya pili, kapiga upepo. Uwanja mzima tumesimama. Imebaki MOJA! Rusha hapo katikati tukalale!

Boli (mpira uliorushwa nje ya eneo la kupigwa, zikifika nne mpigaji anapewa beisi ya bure na wenzake wanasogea). Boli. Boli. Ya nne ikatua kwenye vumbi, mdakaji akaizuia kwa kifua. Kibonde anajitembelea hadi beisi ya kwanza bila kutoa jasho, aliyekuwa ya tatu anaingia nyumbani huku anatafuna bigijii, ngoma droo. Halafu yule bwana akakiangalia kiganja chake. Kiganja! Eti ndicho kilichokosea! Bibi yangu kule Same ana mgongo mbovu na besiboli hajawahi kuiona, ila ile angeipitisha.

Aliyefuata kaupeleka mpira jukwaani, wakaingia wanne kwa mkupuo. Hilo wala halikuniuma. Kinachoniuma ni ile boli ya nne. Straiki mbili unazo kibindoni, unamwogopa nani?

2025 sisi Rockies tulipoteza mechi 119 kati ya 162, warushaji wanaoanzishwa wakaruhusu wastani wa pointi 6.65 kwa kila inningi tisa, tukaambiwa tuvumilie, vijana wanajengwa. Wanajengwa ghorofa ngapi? KIGANJA!!!

kapuku_mstaarabu:
Nimesoma yote nikidhani umetapeliwa kiwanja. Kumbe rede.

Mzee wa Jukwaa la Kushoto:
Sio rede. Besiboli.

kapuku_mstaarabu:
Mtu kasimama, mwenzake anamrushia mpira, wengine wanakimbia. Rede hiyo mkuu. Na dada zetu walikuwa hawakosi.

Mchambuzi Huru:
Tuwe wakweli. Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mpira haukunji vizuri, na ukipigwa unakwenda mbali. Ndio maana tangu 2002 mipira inatunzwa kwenye chumba chenye unyevu. Mrushaji gani mwenye akili zake atakubali kuja huko?

Mzee wa Jukwaa la Kushoto:
Wageni wanarusha kwenye hewa hiyo hiyo! Na boli ya nne haikupigwa, ILITUA KWENYE VUMBI. Hewa imeingiaje hapo?

mbeba_boksi_Chicago:
Sisi White Sox wa upande wa kusini tulipoteza 121 mwaka 2024. Acha kudeka.

mama_shughuli:
Tarehe 10 Mei 2025 mlipigwa 21-0 na San Diego hapo hapo nyumbani, kesho yake kocha akafukuzwa. Na wewe ukarudi kununua tiketi. Sasa aliyelogwa ni nani?

kapuku_mstaarabu:
😂😂 mama umeua

Abiria wa Mwisho:
Huku ni asubuhi, nimesimama kituoni Kimara, mabasi yanapita yamejaa hadi watu wamebandikwa kwenye kioo. Mwenzetu una gari la kutetemekea ndani halafu unatulilia mpira.

mbeba_boksi_Chicago:
Kimara kumbe bado vile vile? Mimi niliondoka nikijua tatizo litaisha.

Abiria wa Mwisho:
Liishe wapi. Lingine hili linapita, dereva hata hatuangalii.

Mzee wa Jukwaa la Kushoto:
Wakuu, mada ni boli ya nne.

Kijana wa Temeke:
Boli ya nne mtu anapewa beisi moja tu, una bahati. Mimi jana golikipa wetu (mnamjua) kaifuata kona mpaka karibu na mstari wa katikati, kona yenyewe ikaingia moja kwa moja.

mama_shughuli:
Huyo afadhali anatoka. Wetu ukimrudishia mpira anauomba msamaha kwanza.

Kijana wa Temeke:
Ila wenu penati anadaka. Wa kwetu anaruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni, halafu anawafokea mabeki.

Mchambuzi Huru:
Tuwe wakweli, tatizo la makipa wetu ni kocha wa makipa...

mama_shughuli:
Wewe tena.