Paka anakula ile kavu tu na maji hataki, nichanganye aje na ile ya mchuzi?

jimbi_wa_umoja
Wasee habari zenu. Niko na paka dume, ako kama miaka mitatu na alishahasiwa, mara ya mwisho kupimwa alikuwa kilo nne unusu. Anaishi ndani tu juu ploti yetu iko na mbwa na kina fulani hapa hawapendi paka. Chakula chake ni ile kavu, nanunua ya kupima kwa duka hapa mtaani, namwekea kwa sahani asubuhi nikienda kazi halafu nikirudi naongeza, na siku nikipika omena anapata yake. Shida ni maji. Bakuli iko, naijaza, analamba mara mbili tatu anaenda zake. Jirani wa chini anasema ile kavu inaua figo nihamie ile ya pakiti ya mchuzi kabisa, binamu yangu naye anasema ya mchuzi inaozesha meno. Sasa nifuate nani? Na nikimnunulia ya mchuzi kila mlo itabidi mimi ndio nianze kula ile kavu. Pia sina friji, hiyo mjue mapema.

manyoya_southb
Jirani ametia chumvi na binamu pia ametia yake. Ile kavu haiui figo za paka mzima hivi hivi, mambo ni maji. Kavu iko na maji kama asilimia 6 mpaka 10 hivi, ya mchuzi ni 75 mpaka 80. Sasa paka wa nyumbani ni uzao wa paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa sehemu kavu, maji yake mengi alikuwa anapata kwa panya na ndege anaokamata kwa hivyo kiu yake ni ndogo, hata akihitaji maji hakimbilii bakuli vile mbwa hufanya. Paka wa kilo nne hivi anahitaji kama mililita 200 kwa siku, chakula na kinywaji pamoja. Piga hesabu: gramu 60 za kavu zinampea mililita tano hivi, zingine zote lazima azinywe, na wewe umesema analamba mara mbili. Pakiti moja ya gramu 85 peke yake iko na kama mililita 65.

Kwa hivyo si lazima uhame. Hata pakiti moja kwa siku inabadilisha mambo. Na meno, wala kavu haisafishi vile watu hudhani, wengi wanameza zile tembe nzima nzima bila kutafuna. Meno husafishwa kwa brashi, ukiweza kumshika.

guka_ruaka
Nyinyi vijana mna shida. Kwetu ocha paka hula ugali na maziwa, akibahatika anapata kichwa cha samaki, na anaishi miaka. Leo paka anapigiwa hesabu ya mililita!!

tembe_kwa_tembe
Guka heshima yako, lakini yule wa ocha ugali ni ya kusindikiza tu, mlo wake halisi uko shambani na kwa ghala ya mahindi na hakualiki ukiangalia. Panya mmoja ni nyama, moyo, maini, mifupa na maji, vyote kwa pamoja. Huyu wa Umoja akiwinda atapata nini, mende wa jikoni?

Paka lazima ale vitu vya nyama, hana ujanja mwingine. Kuna kitu inaitwa taurini, iko kwa nyama na samaki, mahindi hayana. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Ikipungua anaanza kupofuka pole pole na moyo unatanuka unakosa nguvu, na inachukua miezi kabla uone kitu. Mwaka 1987 watafiti wa California ndio walionyesha huo ugonjwa wa moyo unatokana na upungufu wa taurini, na cha kushangaza wale paka walikuwa wanakula vyakula vya dukani, si makombo. Ndio kampuni zikaanza kuongeza taurini zaidi. Ndiyo maana pia chakula cha mbwa usimpe paka kikawa ndio mlo wake, mbwa hujitengenezea taurini kwa hivyo wenye kutengeneza hawana haja ya kuijaza humo.

Na maziwa guka, wakubwa wengi wanaharisha nayo.

guka_ruaka
Haya. Lakini maziwa wanapenda.

mama_wa_shombo
Jimbi mimi nitakwambia kitu kimoja na usikipuuze juu wako ni dume, amehasiwa na anakaa ndani, kama wangu. Wangu jioni moja alianza kuingia kwa mchanga wake anachuchumaa, anatoka, anarudi, analia sauti ya ajabu, na ukiangalia mchanga umekauka. Nilidhani amefunga choo. Dada yangu akaniambia mshike tumbo, nikashika, kuna kitu kigumu kama chungwa, ni kibofu. Tulitoka na taksi usiku huo huo, daktari akamwekea mpira wa mkojo, akatoa mkojo wa rangi ya damu uko na vichembe kama mchanga laini. Alituambia dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, vile vichembe na ute vinaziba, na akiziba kabisa sumu inarudi kwa damu na potasiamu inapanda mpaka moyo unasimama. Ni jambo la siku moja ama mbili, si la kungoja Jumatatu.

Tangu hapo ya mchuzi iko kila siku, mkojo ukiwa mwepesi vile vichembe havipati nafasi ya kukaa. Sisemi kavu ndiyo ililetea wangu shida, daktari alisema hata uzito na stresi zinachangia. Lakini wewe ukiona dume anaingia kwa mchanga mara nyingi na hakuna kitu, beba enda.

jimbi_wa_umoja
Wueh, mama Shombo umenitoa jasho. Asanteni. Sasa nipeni hesabu basi, ngapi ya hii na ngapi ya ile? Na bila friji nafanya aje?

manyoya_southb
Paka wa ndani aliyehasiwa wa uzito huo anataka kama kalori 200 mpaka 230 kwa siku. Kavu nyingi ziko na 350 mpaka 400 kwa gramu 100, pakiti ya gramu 85 mara nyingi ni kama 70 lakini zinatofautiana, soma nyuma. Kwa hivyo pakiti moja pamoja na gramu 40 za kavu umefika. Pima hizo gramu na mizani mara moja, uone zinafika wapi kwa kikombe chako, halafu utumie kikombe hicho hicho. Wengi wakianza ya mchuzi hawapunguzi kavu, baada ya miezi paka anakuwa mtungi.

Friji si lazima. Kavu ndio inaweza kukaa kwa sahani mchana wote ukiwa kazi, hiyo ni ya asubuhi. Ya mchuzi fungua jioni ukiwa nyumbani umpe pakiti yote, ikibaki baada ya masaa mawili hivi mwaga. Mkebe mkubwa wachana nao, utaoza kabla aumalize.

Na ile ya kupima mimi siiamini sana. Si lazima iwe mbaya, lakini hujui ilifunguliwa lini, mafuta yake yanachacha, na hujui hata kama ni ya paka. Kwa gunia ama pakiti yenye lebo unaweza kuangalia kama imeandikwa ni chakula kamili ama ni cha nyongeza tu, pia tarehe. Kama kuna wengine wa paka kwa ploti yenu nunueni kubwa mgawane.

tembe_kwa_tembe
Naongezea. Pesa ikikata katikati ya mwezi, mwagia ile kavu maji vuguvugu, ikae kidogo ilainike, itupwe kama hajaila baada ya saa chache. Ama supu ya kuku uliyochemsha bila chumvi, bila Royco na bila kitunguu. Kitunguu na saumu zinaharibu chembe za damu za paka, hata kidogo usijaribu. Taurini nyingi huingia kwa ile supu ukichemsha nyama, kwa hivyo usiimwage. Omena iwe ya kuonja, chemsha kwanza, na vitu vya kuonja vyote visipite sehemu moja kwa kumi ya chakula chake. Maini hivyo hivyo, akila kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inashikana.

jimbi_wa_umoja
Nimenunua pakiti, ya samaki. Amelamba mchuzi wote akaacha vinyama vimejipanga kwa sahani safi kama vimeoshwa. Sasa nimnyime kavu mpaka azile?

mama_wa_shombo
Usijaribu. Paka akikaa bila kula siku mbili ama tatu, sana sana mnene, mafuta yanajaa kwa ini, na hiyo kutibu ni kazi. Viponde vinyama na uma vichanganyike na mchuzi, anza na kijiko kimoja juu ya kavu yake, ongeza pole pole kama siku saba mpaka kumi. Na ujaribu ya kuku, wangu ya samaki hata kunusa hataki.

guka_ruaka
Na vile vinyama alivyoacha umepeleka wapi? Hapa kwangu kuna wateja.