Pipa la mboji la kuzungusha linanuka na limejaa mabonge, nifanyeje?

MamaMiche_Tabata
Habari zenu wapendwa. Naishi Tabata, uwanja wangu ni mdogo na umesakafiwa wote. Ndiyo maana mwezi wa pili nilimpa fundi pipa la bluu la lita 200 anitengenezee la mboji. Akalilaza kwenye miguu ya chuma, akapitisha bomba katikati, akakata mlango ubavuni na kutoboa matundu. Nilifurahi mno. Kila siku natia maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai na machicha ya nazi, maana kwangu haipiti siku bila nazi. Nalizungusha kila asubuhi.

Tangu masika yaanze, balaa. Jana nilifungua nikapigwa na harufu ya mayai viza. Ndani kuna mabonge meusi kama ngumi. Nilivunja moja kwa kijiti: katikati machicha bado meupe, yameshikana, yanateleza kwa mafuta. Chini linachuruzika maji ya kahawia, na funza wa kijivu, bapa, wamejaa tele. Jirani ameshanisema. Sitaki kulimwaga jamani, miche yangu ya nyanya inasubiri. Nimekosea wapi?

MzeeWaBustani
Pole mama. Katika yote uliyotaja sioni hata kitu kimoja kikavu. Vya jikoni vina maji mengi na naitrojeni nyingi. Vikikosa vikavu vyenye kaboni vinashikamana, hewa haipiti, na vijidudu visivyohitaji hewa ndivyo vinavyotoa harufu hiyo.

Nenda kwa seremala uombe gunia la maranda. Maranda, siyo vumbi la msumeno, kwa sababu vumbi likilowa linaganda kama unga. Uliza pia kama mbao imepigwa dawa. Ya dawa usiichukue kabisa. Kisha mwaga kila kitu kwenye turubai, vaa glavu, vunja mabonge yote, changanya na maranda. Mimi kwa ndoo moja ya jikoni natia ndoo mbili za majani makavu ya mwembe. Ukirudisha, usipite robo tatu ya pipa, maana likijaa halichanganyiki hata ulizungushe mpaka jioni. Kujua unyevu, kamata konzi ukamue: litoke tone moja au mawili, basi.

Binti_wa_Kibaha
Naongezea hapo kwa Mzee. Dada, kuzungusha kila siku kunapoteza joto, na pipa dogo halina joto la kupoteza. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Langu nilipolitia samadi ya kuku kidogo lilifika nyuzi 58. Funza hao ni wa wale nzi weusi wembamba kama nyigu, hawana madhara, wanafuata majimaji. Kama una kuku, wape. Na juu ya pipa weka bati, mvua inaingilia kwenye matundu.

MamaMiche_Tabata
Nimerudi baada ya wiki tatu. Kwa seremala nilipata magunia mawili bure! Harufu iliisha siku ya nne. Jumamosi nilitia mkono ndani nikautoa haraka, pana moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Machicha sasa nayatia kiganja kimoja kimoja, nimeyafikicha na maranda. Mungu awabariki. Je, nyanya nihamishie lini?

MzeeWaBustani
Bado mama. Kuanzia leo usitie kipya humo. Vya jikoni vikusanye kwenye ndoo yenye mfuniko, kila tabaka ufunike kwa maranda. Joto likishuka, liache wiki nne hadi sita, ukilizungusha mara moja kwa wiki. Siku utakayofungua ukasikia harufu ya ardhi iliyonyeshewa, chekecha kopo moja, upande humo mbegu za mchicha. Zikiota zote na majani yasiwe manjano, hamishia nyanya.

MamaMiche_Tabata
Nimeelewa. Leo jioni naenda kununua ndoo.